Kumuaga Mwalimu wa Nti ya Kaukani

Mheshimiwa Bwana Kirimi, Afisa wa Elimu wa eneo letu, uliyetufikia leo na viatu mkononi kwa sababu maji yalikuwa yametoka na mashua ikakataa kukusogeza zaidi. Mwalimu Mkuu wetu, Bi Swafiya. Masheikh na wazee wetu wa Faza, Pate na Mbwajumali. Walimu wa sasa na wa zamani. Kina mama mlioanza kupika tangu alfajiri. Wanafunzi mliosimama huko nyuma mkijifanya mnasikiliza. Na wewe Mwalimu Kemunto, uliyechagua kiti cha karibu na mlango: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa wale wa Bwana asifiwe, asifiwe sana.

Naitwa Madi, wa Mbwajumali. Wengi mnanijua kama fundi wa majabia, yale matangi makubwa ya chini tunayovunia maji ya mvua, na kama mwenyekiti wa kamati ya maji, yaani mtu wa kulaumiwa mvua isiponyesha. Lakini kabla ya hayo nilikuwa mwanafunzi wa shule hii, na kwa miaka minne Mwalimu Kemunto alinifundisha jiografia. Bi Swafiya amenipa dakika kumi. Alipozitaja akaongeza, "Kumi za saa, Madi, si kumi zako."

Ndugu wageni waalikwa, sherehe hii karibu isiwepo. Bi Swafiya alipomwendea Mwalimu kumwambia kwamba tunataka kumuaga kwa heshima baada ya miaka ishirini na mitatu, Mwalimu alikataa. Alisema, "Mimi nilimharibia mtoto wa watu mtihani. Mtu kama huyo huondoka kimya kimya." Huyo mtoto wa watu ni mimi. Jumamosi Mwalimu anapanda basi kwenda kwao Nyamira, na mimi sikubali aondoke na maneno hayo kifuani. Kwa hiyo nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema, hata kwa mama yangu. Nipeni nafasi nianze mbali kidogo.

Mwalimu huyu alipoletwa kwetu kutoka bara, hakujua bahari wala bahari haikumjua. Kutoka Amu hadi hapa alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili na macho ameyafumba, na alipofika alimuuliza nahodha kama kuna barabara ya kurudia. Lakini alikaa. Akajifunza kula pweza, akajifunza kwamba mtu akikwambia "nakuja sasa hivi" unaweza kwanza kufua, na akatuvumilia sisi, jambo ambalo wenzake kadhaa waliokuja na mashua moja naye hawakuliweza.

Tulipokuwa kidato cha pili, tulifika kwenye mada ya jangwa. Mwalimu alisoma ukurasa mmoja, akafunga kitabu, akauliza, "Nani hapa amewahi kufika mahali ambapo huwezi kusikia bahari?" Hakuna aliyeinua mkono. Akatundika karatasi kubwa ya manila ukutani, nyeupe, tupu, akasema, "Basi tutaunda nchi ya jangwa sisi wenyewe. Chochote mtakachokiweka humu, mtanipa sababu." Tukaiita Nti ya Kaukani, yaani, kwa wageni wetu, nchi ya mahali pakavu. Jina lilipigiwa kura, na mimi ndimi niliyelitoa, ikiwa kuna anayetaka kujua.

Jamani, mnajua kosa letu la kwanza lilikuwa nini? Tuliweka maji kujaa na maji kutoka. Jangwani! Asmaa, ambaye leo ni muuguzi na yuko pale anacheka, ndiye aliyeuliza: sasa hawa watu wa Kaukani watajuaje saa ya kuondoka nyumbani? Tukaona ana haki. Mtu hawezi kuishi bila kujua kama maji yamejaa au yametoka. Na kwa kuwa Kaukani hakukuwa na bahari, tukaamua kwamba mchanga ndio unaojaa na kutoka. Asubuhi upepo unausukuma hadi kwenye vizingiti vya milango, alasiri unaurudisha. Ngamia husafiri mchanga ukiwa umejaa, na mwezi ukiwa mpevu mchanga hupanda zaidi, yaani bamvua la mchanga. Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya dawati. Kisha akapangusa macho, akasema, "Nipeni sababu," na tulipompa ile ya upepo, aliichukua kalamu akaichora.

Ngamia wenyewe hatukuwajua, kwa hiyo tuliwapa tabia za punda. Ngamia wa Kaukani anasimama katikati ya kichochoro, anakuangalia, wala haondoki mpaka umuombe radhi. Mji wao tuliujenga kwa nyumba za mawe zilizobanana ili vichochoro vipate kivuli, na mbele ya kila mlango tukaweka baraza la kukalia. Mwalimu aliutazama mji ule akasema, "Madi, huu ni mji wa Pate umeuondolea bahari." Nikakataa katakata. Ulikuwa mji wa Pate nimeuondolea bahari.

Lakini chakula ndicho kilichotaka kutufarakanisha. Kwa siku tatu tulibishana kama kuna watu duniani wasiokula samaki. Mwalimu alisema wapo, yeye mwenyewe kwao hawakula samaki mpaka alipokuwa mkubwa, na darasa zima likamwangalia kwa huruma. Hatukuweza kuwatendea watu wa Kaukani jambo kama hilo. Asmaa akatoa suluhisho: zamani palikuwa na ziwa, ziwa likakauka, samaki wakakauka nalo, na mchanga ukawafunika. Kwa hiyo Kaukani ng'onda, hao samaki wakavu, huchimbwa kwa jembe, kama mihogo. Kila familia ina shamba lake la ng'onda, na mtu akitaka kuoa, baba wa binti humuuliza shamba lako lina kina gani.

Mwalimu naye, ili nchi isiwe ya watu wa pwani peke yao, alipendekeza ugali wa wimbi. Alitupikia hapa hapa shuleni, kwenye jiko la mkaa, na mboga zake chungu alizotumiwa kutoka kwao. Tulikula kwa adabu. Baadaye tukapiga kura, na ikaandikwa kwenye ramani kwamba chakula hiki hupewa wagonjwa na wafungwa. Mwalimu aliiacha ikaandikwa hivyo. Mimi sijui mwalimu mwingine ambaye angeiacha.

Na palikuwa na sheria moja ya maji, iliyotuchukua muhula mzima. Kisima cha Kaukani ni kimoja, na mchanga ukijaa huwezi kukifikia. Wazee hawawezi kwenda, mwenye mtoto mchanga hawezi kwenda, mgonjwa hawezi. Basi tuliweka kwamba anayetangulia kisimani huwajazia kwanza wasioweza kuja, ndipo ajaze chombo chake. Mwalimu alituuliza, "Na akikataa?" Mtu akasema afungwe. Mwingine akasema afukuzwe mjini. Mwishowe tukaandika kwamba akikataa, siku hiyo hakuna atakayemsalimia. Kwa watu wa visiwa hivi, hiyo ni adhabu kubwa kuliko jela.

Basi, wapendwa, ukaja mtihani wa kidato cha nne. Swali likasema: eleza maisha ya kila siku ya watu wa jangwani. Wenzangu wote waliandika kuhusu Sahara, kama kitabu kilivyosema. Mimi niliandika kuhusu Kaukani. Niliandika bamvua la mchanga. Niliandika ng'onda za kuchimba. Nilichora na ramani, nikaweka hata kipimo chake.

Nikakosa alama moja ya kwenda kusomea upimaji wa ardhi.

Habari zilienea kabla ya matokeo kutundikwa, maana nilipotoka chumba cha mtihani nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu. Mwalimu aliposikia alikaa kwenye ngazi ya ofisi, pale pale juani. Siku hiyo hiyo alipanda bodaboda hadi Mbwajumali kumwomba radhi mama yangu, Bi Mwanamkisi. Mama alimwambia kwa Kiswahili chetu cha kisiwani, "Mwalimu, mwanangu hayakufa. Keti unwe chai." Hakuweza kuinywa. Ofisi moja ya juu, ambayo haina uhusiano na Bwana Kirimi maana wakati huo yeye alikuwa bado kwao Meru, ikamwandikia barua ya onyo kwamba amewapotosha wanafunzi kwa mambo ya kubuni. Barua hiyo ipo kwenye faili yake mpaka leo. Akaishusha ramani ya Kaukani ukutani. Mara mbili alipewa cheo cha unaibu, mara mbili alikataa. Na tangu hapo, kwa miaka kumi na minne, amefundisha jangwa kutoka kitabuni, neno kwa neno, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa.

Sasa sikilizeni, na wewe Mwalimu usiinuke.

Sahara niliijua. Niliikariri kurasa zote tatu. Siku ile niliandika neno Sahara juu ya karatasi, nikalitazama, nikalipiga mstari. Hukunipotosha. Ulituambia mara ngapi, tena kwa ukali, "Kaukani ni ya kujifunzia, si ya mtihani"? Uliandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Nilifanya kwa kiburi tu. Nilitaka yule msahihishaji wa bara asome kuhusu nti yangu. Wallahi, nilidhani ataniandikia barua kuniomba ramani.

Hilo ni kosa la kijana wa miaka kumi na minane, na pengine linasameheka. Lisilosameheka upesi ni la pili. Watu walipoanza kusema, "Maskini Madi, mwalimu wake amemharibia," nilinyamaza. Kulikuwa na raha ndani yake, jamani, kwa nini niwafiche? Kila nyumba niliyoingia niliwekewa mnofu. Wajomba waliacha kuniuliza kwa nini sisomi. Nilihurumiwa nikanenepa. Na kila nilipohurumiwa mimi, yeye alizidi kulaumiwa, nami nikimuona sokoni ananisalimia huku ameinamisha macho, yeye mwalimu wangu, na mimi nikimwacha ayainamishe. Ninaona haya. Ninalisema mbele ya watu kwa sababu mbele ya watu ndiko alikolaumiwa.

Na kuna jingine, Mzee Uthman, mzee wetu wa Mbwajumali, ambalo utanisamehe wewe. Miaka mitatu iliyopita mvua ilipotukimbia, majabia ya Mbwajumali yakabaki na tope, na watu wakaanza kugombana kwenye mfuniko. Mnakumbuka. Wanawake wawili wa nyumba moja walivunjiana ndoo. Nikaja mkutanoni na sheria iliyoandikwa: atakayetangulia atawajazia kwanza wazee, wagonjwa na wenye watoto wachanga, na atakayekataa hatasalimiwa. Wewe Mzee Uthman ukaniuliza, "Hii umeitoa wapi?" Nikasema ni desturi ya watu wa nti moja ya jangwani. Ukauliza, "Iko karibu na Yemen?" Nikasema iko karibu. Ukatikisa kichwa kwa heshima ukasema hao wana elimu ya kale, tuwafuate, na wote mkafuata, na kiangazi kile hakuna mzee aliyelala na kiu. Mzee wangu, elimu ile ya kale ilitungwa kidato cha pili, katika chumba kile cha mwisho chenye dirisha bovu, na mwalimu aliyesimamia kuitunga ni huyu mwanamke wa Nyamira.

Mwalimu, sikupima ardhi. Nimejenga majabia kumi na moja, na kila ninapochimba moja najiuliza, nani hataweza kulifikia, na yatamfikiaje maji? Swali hilo ulinipa wewe. Kitabu hakikuwa nalo. Ukiniuliza kama ningependa kurudi ile siku ya mtihani niandike Sahara, nitakwambia ndiyo, ningeandika, maana ningekupunguzia miaka kumi na minne. Kwa ajili yangu mwenyewe sina hakika.

Kwenu walimu vijana, msiogope kuwaacha watoto wakosee kwa akili yao wenyewe, mradi muwaulize sababu. Kwako Bi Swafiya, najua zimepita kumi zako na zangu pia. Shukrani kwa kamati, kwa wapishi, kwa wote mliofika kwa mashua, kwa bodaboda na kwa miguu, na kwa kunivumilia nikijianika hivi.

Limebaki moja. Bwana Kirimi, nakuomba upokee bahasha hii, na uiweke kwenye faili ya Mwalimu Kemunto, juu ya ile barua ya onyo, kabla faili haijafungwa. Nimeiandika kwa mkono wangu na kuitia sahihi mbele ya chifu. Si ndefu, nitaisoma yote: "Mwalimu Kemunto alinifundisha jibu sahihi. Nililijua. Sikuliandika."

Mwalimu wangu, nisamehe. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa.