Fundi Aliyepima Hewa kwa Nguo za Kambani

Marehemu mume wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Hewa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mshona nguo. Shemeji yangu ndiye aliyepangwa kusoma wasifu huu. Nimemnyang'anya karatasi, kwa sababu yeye angeanza na gari.

Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umakanika mwaka 1979. Mwalimu wake alimsifu kwa utulivu, ila alisema hakukubali kukaa mbali na dirisha.

Alifanya kazi gereji moja maisha yake yote. Jumapili alishindana mbio za magari mawili mawili kwenye uwanja wa ndege wa zamani: njia imenyooka, taa ya kijani inawaka, kufumba na kufumbua mambo yamekwisha. Alituchosha sote kwa kueleza kwamba hewa ya baridi na kavu ni nzito, injini ikiivuta inapata nguvu. Joto na unyevu vikizidi, hewa inakuwa nyepesi, gari linakuwa goigoi, na lazima upunguze petroli kwenye kabureta, pale inapochanganyika na hewa. Unyevu wenyewe aliupima kwa nguo zangu zilizolala nje. Kila alfajiri ya mashindano alizishika kambani, moja moja. Mwaka wa kwanza nilidhani anakuja kunisaidia kuanua.

Tulifunga ndoa tarehe 15 Agosti 1987. Kulipambazuka baridi kavu, na bwana harusi alifika amechelewa, mikono inanuka petroli. "Gari nimelijaribu kidogo tu," aliniambia. Wenzake gerejini waliliita lile gari lake jeupe la mashindano "mke mdogo", wakacheka. Mimi sikucheka, na leo pia sicheki. Nililionea wivu gari, nikaionea wivu hata hewa yenyewe, maana asubuhi aliitazama anga kabla ya kunitazama mimi.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Muuguzi alipomwekea oksijeni, mume wangu alimtania: "Sasa kabureta ni mimi." Tarehe 3 mwezi huu kulikucha baridi kali, kavu, asubuhi ya aina ambayo tangu nimjue hakuwahi kuimalizia kitandani. Nilifungua dirisha kwa hasira.

"Haya, hewa yako hiyo."

"Lifunge, mama watoto," alisema. "Utapigwa na baridi. Njoo ukae hapa."

Nilikaa. Alifariki mchana ule, mkono wake ndani ya wangu.

Marehemu ameacha mjane mmoja, tena mmoja tu, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu zake. Gari nimeliona limeegeshwa pale langoni, gerejini wamelisugua mpaka linang'aa. Libaki hapo hapo, nyuma yetu.

Pumzika kwa amani, baba watoto. Dirisha nimelifunga.