Mguu Ambao Bi. Shufaa Alikataa Kuukanda

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Bwana Afisa wa Afya wa Wilaya, Bwana Chifu, Mchungaji Kiilu na wazee wa kanisa, jamaa ya Bi. Shufaa Jabiri mliofunga safari kutoka Kitui, wauguzi wa kituo hiki cha afya, na ninyi kina mama wenzangu mliosimama juani kwa kukosa viti: nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Kalondu Nzuki, mwalimu wa shule ya msingi hapa Wote. Kamati imeniomba niseme machache juu ya faida za kukandwa, kwa kuwa leo tunamuaga Bi. Shufaa, mkandaji wetu wa viungo tangu mwaka wa 1968. Je, faida hizo ni ngeni kwenu? Fundi Kilonzo pale nyuma aliletwa hapa amebebwa, mgongo umemkaza kama ubao, na leo anajenga nyumba za watu. Wako watoto ambao polio iliwalegeza miguu, na mikono ya Bi. Shufaa ikaizoesha kazi tena, polepole, mwaka baada ya mwaka. Wako wazee waliopooza upande mmoja ambao sasa wanashika kijiko wenyewe. Hayo mnayajua. Mimi nimekuja kuwaambia juu ya siku ambayo Bi. Shufaa alikataa kukanda.

Ilikuwa mwaka wa 1979. Nilikuwa nimejifungua binti yangu Nzilani, huyu anayeimba na kwaya. Kabla mtoto hajatimiza mwezi, mguu wangu wa kushoto ulianza kuuma nyuma ya goti, kisha ukavimba, ukawa na joto. Bwanangu alikuwa kazini Kiboko. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe wangu, Mwaitu Ndululu, ambaye leo ameketi mbele hapa, na amenipa ruhusa ya kusema yote.

Miaka miwili kabla ya hapo bega la Mwaitu lilikuwa limekauka. Hakuweza hata kujifunga kitambaa kichwani. Bi. Shufaa alimkanda na kumnyoosha mpaka akarudi kubeba maji. Tangu hapo Mwaitu aliamini hakuna ugonjwa unaoishinda mikono ile. Kwa hiyo alinileta hapa kwa mkokoteni wa punda, akaniweka kitandani, akasema, "Mkande huyu, anyonyeshe mtoto kwa amani."

Bi. Shufaa aliutazama mguu. Akaugusa kwa mgongo wa kiganja, akaulinganisha na mwenzake. Kisha akaondoa mikono.

"Mama, huu sitaukanda," alisema. "Aende hospitali kubwa, na aende leo."

Mwaitu alidhani hakusikia vizuri. "Mimi ulinikanda miezi na miezi. Huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Naogopa damu imeganda ndani ya mshipa. Sina hakika, daktari ndiye atakayesema. Lakini nikiusugua, ile damu inaweza kung'oka ikapanda kwenye mapafu."

Ndugu wageni, hebu jiwekeni mahali pa Mwaitu. Mkaza mwana analia, mtoto mchanga analia, na mtu uliyemwamini amekunja mikono. Alitoa chupa ya mafuta ya mbarika kwenye kikapu. Akamimina kiganjani. "Basi nitamkanda mwenyewe," alisema, akaja upande wa miguu yangu.

Bi. Shufaa alisimama katikati. Hakumsukuma. Mwaitu akamwambia maneno ambayo hata leo naona uzito kuyatamka: kwamba yeye si wa kwetu, si wa kanisa letu, na uchungu wa mtoto wetu hauwezi kumuuma. Mimi mwenyewe nilimsihi Bi. Shufaa aniguse kidogo tu, maana maumivu yalikuwa yamenizidi.

Alinijibu kwa sauti ya chini. "Kalondu, nikikupa hiyo nafuu ya dakika moja, huenda nikakuua. Nichukie, lakini uwe hai."

Gari la kituo halikuwepo. Bi. Shufaa alitoka mwenyewe barabarani akasimamisha lori la mahindi lililokuwa likienda Machakos. Wakanilaza juu ya magunia. Mwaitu aliketi na mtoto, uso ameugeuza. Bi. Shufaa aliketi miguuni pangu, ameushikilia mguu usitikisike kwenye mashimo. Tulipoanza kupanda milima, kifua kilinichoma upande mmoja, kila pumzi ikawa kama kisu. Nilimwona Bi. Shufaa akibadilika rangi. Akampigia dereva bodi ya lori kwa ngumi asipunguze mwendo. Ndipo Mwaitu alipogeuka akanitazama, na yale mafuta yalikuwa bado hayajamkauka mikononi.

Daktari alisema ni damu iliyoganda, na kwamba kipande kidogo kilikuwa kimeshafika mapafuni. Kingekuwa kikubwa zaidi, nisingefika. Nililazwa wiki nyingi nikidungwa sindano. Na daktari aliporuhusu, ndipo Bi. Shufaa alipoanza kunikanda, taratibu, mpaka nikarudi darasani kwa miguu yangu.

Mwaitu alinisindikiza kila mara, akakaa pembeni na mtoto. Siku moja alinipa mtoto, akamsogelea Bi. Shufaa, akasema, "Nilikutukana mbele ya watu. Sasa nifundishe. Si namna ya kukanda. Nifundishe kujua wakati wa kuacha." Wakashikana mikono, wote wawili wakilia.

Bwana Afisa wa Afya, sasa nasema nawe kwa adabu, lakini nasema. Tangu habari za kustaafu huku zienee, sokoni wamejitokeza watu watatu wenye chupa za mafuta, wanakanda kila anayekuja na kila kinachouma. Nasi tumesikia kwamba hakuna mtu aliyepangiwa chumba chake cha kukandia, na kwamba kitawekwa magodoro mabovu. Je, ni kweli? Jumatatu akija mama aliyejifungua juzi, mguu umevimba, ni nani atakayemwambia hapana? Utakaposimama baada yangu, watu hawa hawatasikiliza sifa. Watasikiliza jibu la swali hilo, na mimi nitabaki nimesimama mpaka ulitoe.

Bi. Shufaa, dada yangu, nenda Kitui ukapumzike. Nzilani ana miaka kumi na miwili, na mama yake yuko hai kumwona.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Bwana Afisa, karibu.