Shangazi Pingili na Mgonjwa wa Kitanda cha Sita

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ijumaa hii, tarehe 30, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi Pingili atafunga kabati la mafaili kwa mara ya mwisho, na wengine humu ndani watashusha pumzi. Tunawajua. Ndio waliokuwa wa kwanza kuchangia keki.

Aliingia hospitalini akiwa msichana wa kufagia chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, akawa anasoma anachofagia. Baada ya miaka mitano akapewa meza, kalamu, na kile kitabu chenye namba ya kila ugonjwa, kizito kama tofali. Kazi yetu ndiyo hiyo: daktari anaandika ugonjwa, karani anautafutia namba, na namba inaamua mgonjwa atalala siku ngapi na atapewa dawa gani. Ukikosea namba, umemkosea mtu.

Wakubwa wetu, kwa hekima yao, waliona kitabu kinachelewesha kazi. Wakabandika ukutani karatasi yenye magonjwa ishirini "ya kawaida", na tangu siku hiyo mji mzima ukaugua magonjwa ishirini tu. Kila aliyekuja amejishika kiuno alikuwa "maumivu ya mgongo", namba kumi na nne: siku tatu, vidonge, kwaheri. Shangazi aliipa kisogo karatasi ile. Alisema ni kama orodha ya hoteli mbovu, uagize utakacho, utaletewa chai.

Jina la Pingili alipewa na madaktari, kwa kejeli. Wakiandika "mgongo", alirudisha faili akiuliza pingili ipi, maana uti wa mgongo hauna moja. Daktari mmoja alimuuliza kama anataka na jina la babu wa mgonjwa. Akajibiwa kwamba kama babu naye anaumwa, aandikwe.

Mwaka juzi alilazwa mama mmoja, fundi cherehani. Alikuwa na homa, hawezi hata kujigeuza kitandani, na wanawe wawili wadogo alikuwa amewaacha kwa jirani. Picha ya mgongo ilionyesha kwamba lile gegedu linalokaa kama mto kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno limevimba na kutunga usaha. Ugonjwa huo unataka sindano wiki sita mfululizo. Ukiachwa, unaweza kumpoozesha mtu miguu. Daktari wake, pamoja na miaka yake yote ya chuo, aliandika maneno mawili: "Mgongo. Aendelee." Nami, nikiwahi nyumbani kunyonyesha, nikatupia jicho ukutani na kuandika kumi na nne. Kwa hiyo dharau ninayoipakua hapa, sahani ya kwanza ni yangu.

Siku ya tatu muuguzi alikwisha kumfungia mama yule mfuko wake. Lakini Shangazi ana desturi moja: faili la anayeruhusiwa hulisoma kuanzia nyuma, kwenye majibu ya vipimo ambayo hakuna mwingine anayejisumbua kuyafunua. Akakuta jibu la picha limebanwa huko, na la kipimo cha damu kilichoonyesha bakteria. Sasa, karani haruhusiwi kuandika ugonjwa ambao daktari hakuuandika, hata auone usaha kwa macho yake. Akapanda ghorofa ya pili.

Daktari alimwambia namba ni mambo ya makarani, arudi baada ya chakula. Shangazi akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, faili mapajani, mlango wazi, foleni ya watu kumi na mmoja ikitazama.

"Namba haiumwi, mwanangu," alimwambia. "Anayeumwa yupo kitanda cha sita, na ameshavaa viatu. Soma karatasi ya mwisho, kisha andika unachokiona wewe."

Waliokuwa kwenye foleni wanasema daktari alisoma mara mbili, na mara ya pili alisimama. Akaandika uvimbe wa diski, yaani lile gegedu. Shangazi akamrudishia faili: kati ya pingili zipi, na umesababishwa na nini? Akaandika yote. Kule wodini mfuko ukafunguliwa.

Mama yule alichomwa sindano wiki sita, na wiki ya saba alitoka kwa miguu yake, mtoto mmoja mkono huu, mwingine ule. Katika mkutano wa robo mwaka daktari akapewa cheti cha "utambuzi wa mapema". Shangazi alipiga makofi polepole, na akaendelea hata wengine walipokwisha kunyamaza.

Mimi hakunigombeza. Kwa mwezi mzima, saa ya chakula, mwanangu akiletwa kazini kunyonya, alimpakata huku mimi nikifunua kurasa za kitabu. Niliishia darasa la saba. Leo nakisoma bila kufuatisha kidole, na wasichana wawili wapya wanakisoma pamoja nami. Wakubwa bado wanauliza kwa nini tunachelewa. Waache waulize.

Ahsante, Shangazi. Nenda ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na maisha yawe mema kwako kila asubuhi. Na siku mwili ukikurudisha hapa kama mgonjwa, usihofu. Faili lako tutalisoma lote, na daktari tutamkalia kitini mpaka aandike.