Maram Asije Kuniosha

Sogeeni wanangu, na wewe Yaqoub pandisha sauti ya simu dada yako Maram anisikie huko Marekani, maana mimi, Thuwaiba binti Faraji, pumzi zinanipaa na sitasema mara mbili.

Duka letu la viungo, la mtaa wa Al Ras, mligawane kwa mafungu ya sheria, msigombane. Bangili nilizotoka nazo Unguja ni za Maram, Yaqoub umpe mkionana. Fauziya, aliyetoka Uganda kuja kunipikia akaishia kunilisha kwa kijiko, asitoke humu mpaka apate pahala pema.

Sasa hili la kuniosha nikishakufa. Maram, mie nilimwosha mamangu kwa mikono yangu, na wewe uliniahidi utaniosha, maana kwetu mtoto wa kike ndiye amwoshaye mamake. Ahadi hiyo nimekufungua leo. Usije.

Marehemu baba yenu aliwarithisha pasi ya Yemen, nanyi mmezaliwa hapa hapa Dubai, Yemen yenyewe mnaiona kwenye televisheni. Mnakumbuka siku ile rais wa Marekani, kule Cairo, alipotutolea salamu yetu ya Kiislamu, baba yenu akapangusa machozi, akasema leo wametuona? Ebo! Akaja mwingine akawafungia Wayemeni mlango, akaja mwingine akaufungua, ndipo Maram ukapenya kwenda kusomea udaktari wa watoto, na yule aliyefunga mwanzo karudi, kaufunga tena. Na wao wakija Ghuba hii wanapigiwa ngoma, wanamiminiwa kahawa, wanawaita wenyeji marafiki. Sie wa pasi ile hatumo. Nimechoka nao, wallahi, nimechoka kungoja taarifa ya habari iniambie kama mwanangu ataniona.

Ukitoka huko, Maram, hurudi, na masomo umebakisha kidogo tu. Nami nikifa asubuhi, alasiri nimeshazikwa, utakuta udongo. Yaqoub, nakujua kwa kinyongo, tangu aondoke wasema kakuachia mama peke yako. Siku utakayomtupia neno kwamba hakunizika, radhi yangu huna.

Maram, hiyo sauti nyuma yako ni ya nini? Wanaita abiria? Subhanallah, mtoto huyu yuko uwanja wa ndege! Geuka. Usinililie, geuka, hujapanda ndege bado. Usidhani sikutaki. Nakutaka mpaka kifua kinaniuma, kila mlango ukifunguliwa humu natazama kama ni wewe. Lakini nikikuita nikakuharibia maisha yako, nitalalaje kaburini? Geuka mwanangu. Beba mkoba wako, tembea, nisikie.

Nyamazeni nyote.

Nasikia... nasikia magari. Umetoka nje? Sema wallahi. Sema tena.

Alhamdulillahi. Basi nenda, na Mungu akutie nguvu mikononi, kila mtoto utakayemshika apone. Yaqoub, na wewe akupe moyo mpana, na nyumba isiyokosa mgeni. Nyote wawili niko radhi nanyi, duniani na... na huko niendako. Simu usiikate. Iweke hapa, kwenye mto.

Fauziya, uko wapi, sikuoni vizuri. Sanda na kafuri vimo kwenye kasha, chini ya kitanda. Utaniosha wewe. Anza upande wa kulia, taratibu, kama nilivyokuonyesha... Na maji, mwanangu... maji yasiwe ya baridi.