Hakuugua kwa Muda Mfupi: Maisha ya Mama Dodoso

Wazee wetu, wakwe zetu, ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii ili kumsindikiza marehemu: poleni, na asanteni kwa kuja. Karatasi hii imeandikwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa lifti, ambaye ndiye anayeisoma. Marehemu aliacha agizo moja tu kuihusu, kwamba isomwe yote bila kuruka aya. Ipo aya moja ambayo nusura ivunje kikao cha familia juzi. Itafika kwa zamu yake, tuvumiliane.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Juni 1968, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yao alikuwa mpaka rangi wa majengo, na mwaka 1975 alianguka kutoka ghorofa ya tatu akiwa kazini, akafariki. Mama yao alifua nguo za watu hadi mikono ikachubuka, na mwishoni mwa mwaka 1978 akapata kazi ng'ambo, ya kumtunza mzee wa watu asiyeweza kuinuka kitandani. Alisema anakwenda kwa miaka miwili, akakaa kumi na mmoja. Watoto wakabaki kwa mama mdogo, mama mwenye sauti kubwa na roho kubwa zaidi. Lakini aliyekuwa akimfunga mdogo wake kamba za viatu na kumpima homa kwa mgongo wa mkono alikuwa ni marehemu, naye alikuwa na miaka kumi tu. Alimchapa pia, tusifichane.

Alianza masomo mwaka 1975 katika shule ya msingi ya karibu na kiwanda, akaendelea na sekondari ya wasichana, ambako alisifika zaidi kwa maswali kuliko kwa majibu. Siku moja mwalimu wa jiografia alikuwa akifundisha uhamaji. Akaandika ubaoni kwamba wanaume huhama kwenda kutafuta kazi, na wake zao hubaki kulea familia. Marehemu akanyoosha mkono.

“Mwalimu, na mama yangu je? Yeye ndiye aliyehama.”

Mwalimu akakipekua kitabu, akakipekua tena. “Huyo hayumo,” akasema, na kipindi kikaendelea.

Alirudi nyumbani amenuna, akamwambia mama mdogo kwamba mama hayumo kitabuni. Mama mdogo alikuwa anakung'uta zulia. Akamjibu bila kugeuka, “Basi kua, uandike kitabu kingine. Ila kwanza nishikie huu upande wa pili.” Upande ukashikwa, na kitabu nacho baadaye kikaandikwa.

Mwaka 1989 aliingia chuo kikuu kusoma sosholojia, na mwaka huohuo mama yake akarudi kutoka ng'ambo. Waliokwenda kumpokea walimpita mara mbili bila kumtambua, kwa alivyokuwa amekonda. Kila aliyemwuliza hali aliambiwa, “Sijambo, ni uchovu wa safari.” Uchovu huo wa safari ulidumu miaka mitatu. Ukweli aliusema mara moja tu, kwa binti yake, wakati wa likizo, wawili hao wakiwa wameinamia beseni moja la nguo. Macho yake yakiwa kwenye povu, mama alieleza kwamba damu ilianza kumtoka akiwa kulekule ng'ambo. Mzee wa watu hakuwa na mwingine wa kumwogesha, na siku moja ya kwenda hospitali ingeweza kumpotezea kazi. Alipokuja kupimwa hapa nyumbani, saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshakomaa. Akamwomba binti yake asiwaambie wanaume.

Mama alifariki tarehe 3 Mei 1992. Mjomba wao ndiye aliyesoma wasifu, na ulisema kwamba aliugua kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa amemshika mdogo wake mkono. Aliposikia maneno yale, alimbana hadi kucha zikaacha alama, lakini hakusema kitu. Alikuwa ameahidi.

Mwaka 1994 aliajiriwa kama mtafiti katika kituo cha utafiti wa sera za jamii, chumba chenye meza mbili na feni moja juu ya duka la vifaa vya ofisi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwahoji wanawake waliorudi kutoka kazi za ndani ng'ambo kuhusu afya zao. Alizunguka na dodoso mkononi, nyumba hadi nyumba, hadi wanawake wa mtaani wakambatiza jina lililomganda maisha yake yote. Karibu wote walimjibu jibu moja: sijambo. Mkuu wa kituo alifurahi sana, akasema matokeo ni safi, wanawake hawa ni wazima kama kigongo. Mama Dodoso akayakataa matokeo yake mwenyewe. Alilijua hilo “sijambo”. Alilizika mwaka 1992.

Akaanza upya. Safari hii dodoso lilibaki kwenye mkoba. Akifika nyumba ya mtu aliomba kazi kwanza: akunje nguo, aoshe vyombo, achambue mboga. Wakishafanya kazi bega kwa bega, bila kutazamana, ndipo alipouliza, tena hakuuliza kuhusu ugonjwa. Aliuliza, “Wiki hii kuna kazi gani umeshindwa kuifanya?” Hapo mtu alisema hawezi tena kuinua ndoo, mwingine kwamba hakai kwenye kiti kigumu, mwingine akaanza kulia juu ya sahani.

“Huu ni utafiti au ni kwenda kusaidia kazi za nyumbani?” mkuu wa kituo alimwuliza.

“Ni vyote viwili, mkuu,” alijibu. “Na ndiyo maana wewe hujawahi kuambiwa kitu.”

Baadhi ya wanawake hao alikuja kuwazika. Katika mazishi yao alisimama nyuma, akasikia sentensi ileile ikisomwa, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, ilhali yeye aliketi nao mwaka mzima wakishindwa kuinua ndoo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mama Dodoso alibishana na wahenga. Alisema siku hizi hata kilio kinamsaidia kuficha, na ndiyo maana binti za waliozikwa hurudi nyumbani bila kujua kwamba nao wanatakiwa kupimwa.

Aliyaandika hayo kwenye ripoti iliyokuja kuwa kitabu, akayasema kwenye mikutano ya idara ya afya miaka mingi, mara nyingine akiwa mwanamke peke yake mezani, mara nyingine akiombwa awamiminie wenzake chai. Aliimimina, kisha akaendelea kuzungumza. Mwaka 2006 ikafunguliwa kliniki ya Jumamosi ya kupima saratani ya shingo ya kizazi, kwa kuwa siku nyingine wanawake wako kazini. Muuguzi anayeiendesha tangu siku ya kwanza tuko naye hapa. Maofisa walitaka kutundika kibao kikubwa kinachoutaja ugonjwa wenyewe. Mama Dodoso akawauliza ni mwanamke gani atapita chini ya kibao hicho mchana kweupe. Badala yake wagonjwa wakapitishwa mlango wa kliniki ya meno. Kuanzia hapo mji huu ukajaa wanawake wenye meno mabovu, na wengi wao wako hai hadi leo kwa sababu ya meno hayo.

Kuhusu ndoa, shemeji ameruhusu hili lisomwe, ingawa si kwa furaha. Mwaka 1997 marehemu alikuwa akifanya uchunguzi kuhusu mgawanyo wa kazi za nyumbani, akabisha hodi kwa fundi friji mmoja, mseja.

“Nani anafua nguo hapa?”

“Mimi mwenyewe, dada.”

“Naomba kuziona.”

Zikaletwa. Mama Dodoso alilitazama shati moja kwa muda, kisha akasema, “Hili halijafuliwa, limetishiwa tu.” Fundi alicheka hadi akakaa chini. Wiki iliyofuata alipeleka ujumbe kituoni kwamba shati limefuliwa upya, mtafiti aje kuhakiki. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1998, wakajaliwa binti mmoja. Katika nyumba ile kufua ilikuwa kazi ya baba, na hadi leo mashati yake yanatakata.

Sasa ndiyo aya yenyewe.

Mwaka 2018 mama mdogo alipatwa na kiharusi, akalala upande mmoja. Marehemu alimchukua kwake, akamgeuza, akamwogesha na kumlisha kwa miaka mitatu. Muuguzi wa Jumamosi alikuwa akimpigia simu kumkumbusha zamu yake ya kupimwa. Kila mara alijibu kwamba atakwenda Jumamosi ijayo, mgonjwa hana wa kubaki naye. Mama mdogo alifariki Septemba 2021. Tarehe 22 Januari 2022 marehemu aliingia kliniki kwa mlango wa meno, akiwa ameshatokwa na damu miezi saba bila kumwambia mtu. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, nayo ilikuwa imeshasambaa. Alipotoka alimkuta mumewe kwenye benchi, akamwambia, “Baba, nimeingia kwenye ripoti yangu mwenyewe.” Kisha akalia, na mumewe akalia naye, pale pale benchini, watu wakipita.

Alitibiwa kwa mionzi na dawa za dripu, akapata nafuu, akazidiwa tena. Wiki zake za mwisho alimwita mdogo wake, akamwambia asithubutu kuandika yale maneno. Mdogo wake akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyewatengenezea wanawake wa mji mzima mlango wa kujificha. Akajibu, “Aliye hai mpe pa kujificha. Aliyekufa anamficha nani? Binti yangu atasimama pale. Binti zako watasimama pale. Wasikie.”

Juzi mchana, sebuleni kwa marehemu, familia ilikaa kuupitisha wasifu huu. Mjomba, aliyemsomea mama yao mwaka 1992, ana miaka themanini na mitatu sasa. Alifika kwenye aya hii akaweka karatasi mezani.

“Andikeni kama wanavyoandika watu wote. Aliugua kwa muda mfupi, basi. Mambo ya ndani ya mwanamke yasomwe mbele ya wakwe? Tutaficha wapi nyuso zetu?”

“Mwenyewe alikataa, mjomba,” alisema shemeji.

“Marehemu hana kikao. Kikao ni chetu.”

Binti wa marehemu alikuwa akipanga vikombe. Akasema kwa upole, “Babu, mama ameumwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha shuka. Wakisoma muda mfupi, mimi nilikuwa nafanya nini?”

Mjomba alizitazama zile shuka kwa mbali, kwa kuwa bado zilikuwa kwenye kamba uani. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa la kikao.

“Na mama yao je? Dada yangu. Mimi niliambiwa ni tumbo.”

Mdogo wa marehemu akamweleza yote, kuanzia kwa mzee wa watu ng'ambo hadi kwenye lile beseni la nguo. Ahadi ilikuwa ya marehemu, na kabla ya kufa alimsimulia mdogo wake siri hiyo, aitoe ikibidi. Mjomba alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

“Kwa hiyo nilisimama makaburini nikasoma uongo,” alisema, “na hata sikujua kwamba ni uongo. Miaka yote hii.” Akavaa miwani, akairudisha karatasi kwa mwenyewe. “Soma. Mtaje na mama yenu. Tena usimung'unye maneno.”

Basi isikike. Marehemu aliugua saratani ya shingo ya kizazi kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Mama yake aliiugua kwa zaidi ya miaka mitatu. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua kwa muda mfupi, na hakuna hata mmoja wao aliyefanya jambo la aibu. Mmoja alikuwa akimwogesha mgonjwa wa watu, mwingine akimwogesha mama mdogo wake.

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Mumewe alikuwa amemshika mkono na binti yake alikuwa akimlainisha midomo kwa maji. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa swali, alitaka kujua kama muuguzi ameshakunywa chai.

Ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake, mabinti wawili wa mdogo wake waliozoea kumgombania shangazi yao, mjomba, na muuguzi ambaye hakuzaliwa naye lakini leo amefiwa sawasawa na sisi. Mabinti wote watatu watakwenda kliniki Jumamosi hii, na wamesema atakayependa kuongozana nao asione haya. Mlango ni uleule wa meno. Muuguzi akikuuliza wiki hii kuna kazi gani umeshindwa kuifanya, kwa heshima ya aliyelala hapa, usimwambie sijambo.

Dada, imesomwa yote. Hakuna aya iliyorukwa. Pumzika.