Historia ya Ardis Kolbeck na Mechi Ambayo Haijachezwa

Dola elfu arobaini zililipwa na hundi ikapita benki, kwa hiyo hakuna deni, ndivyo alivyoniambia asubuhi ya leo, katika ofisi ya Mchungaji, yule bwana mwenye tai ya kijani aliyeketi safu ya nne, aliyekuja na shada la maua kutoka chuo kikuu ambacho sitakitaja jina ndani ya nyumba ya Mungu, na mimi nikamwambia kwamba sikumuuliza habari za hundi, nimemuuliza mnakuja lini, akasema hapa ni msibani, mzee wangu, nikamjibu najua ni msibani, aliyelala pale mbele ni dada yangu. Mchungaji akafunga mlango watu wasisikie, akaniomba nisome historia ya marehemu kama ilivyo desturi, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, mtoto, ugonjwa na kifo, na hayo mengine niyaache. Kufuata mpangilio nimekubali. Kuyaacha sikukubali.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Verlyn Tvedt, mdogo wake marehemu, fundi wa mashine za kuvunia, niliishia darasa la tisa na niliyo nayo kichwani nimejifunza mwenyewe, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu Ardis Marie Kolbeck, wa ukoo wa Tvedt, alizaliwa Jumanne tarehe 6 Mei 1952, katika shamba letu maili nane kaskazini mwa mji huu wa Lindvik, Dakota Kusini, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa Orrin na Hjordis Tvedt, ambao wote wamelala nyuma ya kanisa hili. Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa kando ya shamba la akina Kolbeck, kisha sekondari ya Lindvik kuanzia mwaka 1966 hadi 1970, wakati ambao shule hiyo ilikuwa na timu ya wavulana ya mpira wa kikapu, bendi ya kuishangilia na basi la kuisafirisha, na wasichana hawakuwa na hata mpira. Baba aligongomea pete ya pipa kwenye ukuta wa ghala, nasi tukacheza humo majira yote ya baridi tukiwa na makoti na glavu, Ardis akanifunga kila siku hadi nilipotimiza miaka kumi na sita, na siku niliyomshinda kwa mara ya kwanza alisema nimemsukuma, nikakana mbele ya baba, na leo nasema mbele yenu kwamba nilimsukuma.

Baada ya mafunzo ya ukarani mjini Watertown, aliajiriwa tarehe 5 Septemba 1972 katika Chuo cha Coteau, hapa hapa mjini, kama mpiga chapa wa idara ya michezo. Mwaka 1974 chuo kilipoanzisha timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, hakukuwa na mtu wa kuitafutia mechi, wakampa Ardis simu na kitabu cha namba wakamwambia ajaribu, naye akajaribu kwa miaka arobaini na mitatu, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017.

Alifunga ndoa na Delmar Kolbeck, dereva wa lori la maziwa, Jumamosi tarehe 14 Juni 1975, mbele ya madhabahu hii, wakajaliwa mtoto mmoja, Jolene, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1979, na ambaye usiku wa jana alifuta kurasa mbili za historia hii kwa kalamu nyekundu, mpwa wangu, nisamehe, nimeziandika upya.

Sasa niseme habari ya meza ya jikoni kwa Ardis, kwa sababu wengi wenu mmekunywa kahawa pale. Kila mwezi Machi, kabla kamati ya mashindano ya taifa ya vyuo haijatangaza timu zilizoingia na namba zilizopangiwa, mimi na dada yangu tulikaa pale kila mmoja na karatasi yake, tukapanga wenyewe nani awe namba moja, nani namba mbili, mpaka kumi na sita, katika kila kundi kati ya makundi manne, kwa maana namba moja hukutana na namba kumi na sita na ukipewa namba mbaya unasafirishwa ukafe mbali na kwenu, na matokeo yakitoka, aliyekosea zaidi aliosha vyombo. Tuligombana kwa sauti kubwa hata Delmar alizoea kuhamia ghalani. Mimi nilikuwa mtu wa ugumu wa ratiba, nilitengeneza jedwali langu mwenyewe karakanani, nikipima kila timu kwa nguvu ya wale iliocheza nao, nikisema ni kama mzani wa nafaka, hauulizi lori ni la nani, na Ardis alinijibu kwamba kuna timu zinapangwa juu kwa sababu zimepigwa na wakubwa kumi, na kupigwa na wakubwa hakujawahi kuwa kazi ngumu, hata wewe Verlyn unaiweza.

Jumamosi tarehe 13 Desemba 2008 wasichana wa Coteau walisafiri kwa muda wa saa saba kwa basi kwenye theluji, wakaenda katika chuo kile kikubwa nisichokitaja jina, chenye ukumbi wa watu elfu kumi na mbili, wakashinda, sitini na nane kwa sitini na nne. Mkataba aliouandika Ardis ulikuwa wa kawaida, mwaka huu sisi tuje kwenu, mwaka ujao ninyi mje kwetu, tarehe 12 Desemba 2009, na mji huu uliisubiri tarehe hiyo, akina mama wa kanisa walishaanza kugawana nani ataleta mikate ya nyama na nani ataleta keki za sinia. Tarehe 21 Julai 2009 ilikuja barua ya mistari minne kwamba hawatakuja, na wangelipa dola elfu arobaini kama mkataba ulivyosema kwa anayevunja. Hundi ikaja, chuo kikaipokea, kikanunua ubao wa umeme wa kuonyesha matokeo, ule mkubwa wenye taa za manjano, na Ardis alikaa chini ya ubao huo kila mechi hadi anastaafu akiandika pointi kwa penseli kwenye karatasi, na aliyemuuliza kwa nini alimwambia macho yake hayapendi zile taa.

Msimu ule wa 2009 hadi 2010 timu yetu ilishinda mechi ishirini na saba, ikapoteza nne, ya mwisho ikiwa fainali ya ligi yetu kwa tofauti ya pointi mbili, na kwa kuwa bingwa wa ligi peke yake ndiye huingia moja kwa moja, ikabidi isubiri huruma ya kamati. Jumatatu tarehe 15 Machi 2010 kamati ikatangaza, Coteau haikuwemo hata kama namba kumi na sita, na sababu ilikuwa ratiba nyepesi. Mimi nilikuwa pale mezani na jedwali langu, na jedwali langu lilisema vilevile, nikaona nimeshinda, na kwa vile nimezoea kujisifu kwamba nasema ukweli bila kuupaka asali, nikamwambia dada yangu, aliyekuwa bado anatazama televisheni iliyokwisha kuzimwa, "Namba hazina undugu, Ardis. Mmecheza na vibonde, mmepata haki ya vibonde."

Aliweka penseli chini, akasema, "Nenda nyumbani, Verlyn."

Nilikwenda. Sikukaa kwenye meza ile mwezi Machi kwa miaka mitano. Tulisalimiana kanisani, nilimtengenezea gari, alinitumia supu nilipovunjika mguu, lakini meza hapana, mpaka Delmar alipofariki tarehe 2 Februari 2016, Mungu amrehemu, na mwezi uliofuata Ardis akanipigia simu akasema karatasi ziko mezani kama nazitaka. Tulipanga namba, tuligombana, niliosha vyombo. Habari ya mwaka 2010 hatukuigusa, yeye hakuitaja na mimi niliona nilikuwa sahihi, na mtu aliye sahihi ana haraka gani.

Marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo mwezi Agosti mwaka jana, tarehe 9 Oktoba 2025 madaktari wakagundua kansa ya kongosho, akafanyiwa upasuaji tarehe 28 Oktoba, akaanza dawa mwezi Novemba, na baada ya Krismasi akaomba zisimamishwe. Aliishi miezi yake ya mwisho nyumbani kwake, kitanda tukikihamishia jikoni kwa sababu alitaka kuiona meza. Jumamosi iliyopita, tarehe 14 Machi 2026, alimaliza karatasi yake ya mwaka huu, mwandiko ukiwa umelala kama ngano iliyopigwa na mvua ya mawe, akaniambia yangu ni upuuzi mtupu hasa namba nne, akalala, na saa kumi na dakika kumi jioni akatuacha, Jolene akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Jumapili asubuhi nilirudi kutafuta hizi tarehe ninazowasomea. Ardis alikuwa na kalenda za ghala la ushirika, zile tunazopewa bure kila Desemba, na hakuwahi kushusha ya zamani, alitundika mpya juu yake kwenye msumari uleule, kwa hiyo nilishusha rundo zima nikalifunua mezani kutafuta upasuaji, dawa, ndoa, na nilipofika mwaka 2009 nikakuta Julai, Agosti na Septemba zimejaa. Siku moja baada ya ile barua, tarehe 22 Julai, jina la chuo, na mbele yake, hapana. Tarehe 23, majina mawili, hapana, watapiga. Tarehe 27, hapana. Kocha yuko likizo. Ratiba imejaa. Hapana. Niliyahesabu kwa kidole, majina arobaini na matatu ya timu kubwa, zote zile ambazo jedwali langu lilizipa uzito, alizipigia zote, nyingine mara tatu, zote zikakataa, na mwishoni mwa Septemba msimu ukikaribia akaandika majina ya vibonde, kwa sababu wao peke yao ndio waliosema ndiyo.

Jumatatu nilikwenda chuoni kwa Renae Tollefson, aliyekaa dawati la pili yake na sasa ndiye anayepanga ratiba, nikamuuliza kama ni kweli, akaniambia mmoja wa makocha wale alisema wazi kwenye simu, tukiwafunga ninyi hatupati kitu, mkitufunga tumeaibika, nitakujaje? Mzani wangu ulikuwa sawasawa, ndugu zangu, ila kuna watu walifunga barabara lori lisifike kwenye mzani, na mimi nilikaa nikimlaumu dereva. Nikamuuliza Renae kwa nini dada yangu hakuniambia, miaka yote hii, sentensi moja tu ingetosha, naye akasema, "Nilimwambia akwambie. Akasema, 'Akitaka kujua ataniuliza.' Basi kila Machi ikipita nilikuwa namtania, vipi, kaka yako keshauliza? Anasema bado."

Bado. Mimi ninayejivunia kunyoosha maneno, sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo, Ardis, ulicheza na waliokubali kucheza, timu yako ilistahili kuingia, na kwa hesabu niliyoifanya upya juzi usiku ningeipa namba kumi na moja, wewe ungesema tisa, tungegombana. Nilikosea. Nakwambia mbele ya watu wote kwa sababu jikoni nilichelewa.

Jumapili hiyo jioni niliwasha televisheni peke yangu nikiwa na karatasi zetu mbili, wakatangaza, na katika zile timu kumi na sita za juu Ardis alipatia kumi na moja, mimi tisa. Nikaosha vyombo. Kilikuwa kikombe kimoja, kijiko kimoja na bakuli la uji ambalo hakulimaliza.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili na mdogo wake mmoja. Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu bila kumdanganya, yule muuguzi aliyekuja nyumbani barabara zikiwa zimefungwa na theluji akisindikizwa na trekta la jirani, majirani waliolisha ng'ombe wangu wiki hizi mbili, akina mama wa kanisa ambao wametuandalia chakula hapa chini na hawatakubali mtu aondoke bila kula, wafanyakazi wenzake wa Coteau, na wasichana waliochezea timu ile, nawaona, mmejaa safu tatu na wengine mmeshakuwa bibi. Nakushukuru hata wewe bwana wa safu ya nne, umeendesha gari kwa muda wa saa saba, maua ni mazuri.

Dada yangu, kazi ya simu imekwisha, laza kichwa, upumzike.

Limebaki moja. Kwenye kila kalenda tangu mwaka 2009, Jumamosi ya pili ya Desemba, Ardis ameandika kwa penseli jina la chuo hicho na alama ya kuuliza, miaka yote, hata alipokwisha kustaafu, na mwaka huu ameliandika mwezi Januari, akiwa kitandani, tarehe 12 Desemba 2026. Renae ameiacha siku hiyo wazi. Bwana wa safu ya nne, hundi ililipia karatasi iliyochanwa, na chuo chetu kikitaka kiwarudishieni na ubao wenu wa taa, sisi tutahesabu kwa penseli. Mechi haijalipwa. Jumamosi tarehe 12 Desemba, saa moja jioni, ukumbi wa Coteau, Lindvik. Njooni mcheze.