Bibi Hidaya, Mtani Aliyemchekesha Akida

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Anayemenya viazi aendelee kumenya, lakini sikio moja aniazime.

Leo tunamkumbuka Bibi Hidaya binti Rehani, wa Kinole, huku kwetu milima ya Uluguru. Ametutoka wiki hii akiwa mzee sana, na mazishini tulicheka. Msishangae. Watani wake walilala njiani wakazuia jeneza. Wakasema hapiti mpaka aombe radhi kwa maneno yote aliyowarushia tangu enzi za Mjerumani!

Kwa wasiotujua: kwetu kila ukoo una ukoo mwingine wa watani. Mtani anakusema wewe, anamsema na bibi yako aliye kaburini, nawe huruhusiwi kununa. Na ukoo tunaufuata kwa mama. Shikeni hilo, wasikilizaji: kwa mama.

Enzi hizo za Mjerumani, Hidaya alikuwa kijana, ana mume na mtoto mgongoni. Jumbe wa kijiji akafariki. Akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kutusimamia, akaja na neno: wenyeji wachague jumbe mwingine. Wenyeji tu.

Watu walimtaka Dadi, mkulima mpole. Lakini Stambuli, muuza chumvi, naye aliutaka ujumbe. Alikwisha kumwahidi akida wanaume wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Abasi, mume wa Hidaya, angekuwa wa kwanza kuchukuliwa. Alikuwa na mabega mapana, maskini.

Basi akida akaketi kwenye kigoda. Kila mtu athibitishe uenyeji wake. Kwa kitu gani? Kwa kaburi la baba.

"Baba yako kazikwa wapi?"

"Matombo, Bwana."

"Mgeni. Kaa kule. Na wewe?"

"Wangu yuko Mgeta."

"Mgeni!"

Sasa, kwetu zamani baba alirudishwa kuzikwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Ukimtafuta pale alipowazaa watoto, utachimba mpaka uchoke. Kufika adhuhuri kijiji kizima kimekaa upande wa wageni. Dadi mgeni. Abasi mgeni. Hata mzee mwenye kile kigoda, mgeni! Upande wa wenyeji kasimama mtu mmoja tu: Stambuli. Baba yake alimleta akiwa mchanga, akafia hapo hapo na chumvi yake.

"Haya," akasema akida, "mwenyeji achague."

Hidaya akaangua kicheko mpaka mtoto mgongoni akaamka.

"Unacheka nini, binti?"

"Shikamoo, Bwana Akida. Nacheka tulivyo wageni wengi. Hii milima tumeiazima kwa nani?"

"Wewe unamjuaje mwenyeji?"

"Mwenyeji ana mtani. Sikiliza." Akamgeukia Dadi. "We Dadi! Bibi yako alikuwa mchoyo, akipika maharage anayakemea yasinukie kwa jirani!"

Dadi akajibu papo hapo: "Na bibi yako alijuaje? Si alikuwa amejibanza nyuma ya nyumba na bakuli!"

Kijiji kikalipuka. Kila mtu akamrukia mtani wake. Mababu waliolala kwa amani wakaamshwa wote siku ile. Akida, aliyekuja na uso wa kazi, akajishika tumbo.

"Na Stambuli?" akauliza. "Haya, mtanieni."

Mzee mmoja akakohoa. "Hatuwezi, Bwana. Huyu tunamheshimu."

Akida akaelewa. Jioni ile Dadi akawa jumbe, na Abasi akabaki kupalilia shamba lake.

Lakini mjukuu wa Hidaya, Pili, ameniambia jambo ambalo bibi hakupenda kulisema mbele za watu. "Bibi alikuwa akisema, 'Nilishinda, mjukuu wangu. Ila nilimwona Stambuli kasimama peke yake anatazama miguu yake. Hana kwao kwingine. Nikajua hata kipimo changu kinaacha mtu nje.'"

Kesho yake Hidaya akaenda kwa Stambuli kununua chumvi. Akaionja, akatema.

"We Stambuli! Hii chumvi au umekung'uta miguu?"

Stambuli akaduwaa. Hakuna aliyewahi kumtania. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya: "Na wewe mdomo huo... ungekuwa chungu, ungepikia kijiji."

Basi. Tangu hapo akawa mtani wa ukoo wa Hidaya. Miaka ilipopita na jumbe mwingine akatafutwa, Stambuli alisimama na wenyeji. Hidaya ndiye aliyemdhamini, kwa matusi marefu kweli kweli.

Pole sana, Pili. Poleni watoto, wajukuu na watu wote wa Kinole. Mwenyezi Mungu ampokee kwa rehema. Nasi tuliobaki, tukitaka kuweka sharti la nani asimame na nani akae kando, tulipime kwanza kwa mama zetu. Tukiona nao wamehamia upande wa wageni, tulifute, tucheke, tuanze upya.